“Sisikii Kitu”: Kwa Nini Tunaanza na Maji ya Kuoga Kabla ya Tantra

Sisi ni makocha wa hisia za mwili na tantra, na ujumbe tunaoupokea mara nyingi zaidi huwa mfupi, na aghalabu hutumwa usiku. “Habari. Sijui nianzie wapi. Ni kama mwili wangu umekufa ganzi.” Wengine huandika kwa ajili ya ndoa: wanapendana, hawana ugomvi, ila kugusana kumekuwa kama kupeana risiti. Wengine hawana mwenzi wala hawamtafuti. Wanachokosa ni zile raha ndogondogo za zamani, kujinyoosha asubuhi, kunusa mvua, kula kitu taratibu hadi utamu uishe wenyewe mdomoni. Na wapo, tuseme ukweli, wanaouliza bei ya “masaji ya tantra” kisha wananyamaza tukiwaeleza tunachofanya. Makala hii ni ya makundi mawili ya kwanza, ingawa la tatu nalo lina la kwake humu.

Kiswahili kina msemo ambao hutusaidia sana kazini: milango ya fahamu. Macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Tukizungumzia raha ya mwili ya kila siku, tunazungumzia milango hiyo ikiwa wazi na mwenye nyumba akiwa ndani. Mapenzi ya kitandani ni chumba kimoja tu cha nyumba hiyo. Mtu ambaye kutwa nzima hakuonja alichokula, hakuhisi maji mgongoni, hakuisikia sauti ya aliyekuwa akizungumza naye, halafu usiku anauamuru mwili uamke papo hapo, anauonea.

Ganzi yenyewe ina sababu. Vaa shati: kwa muda mfupi unalihisi mabegani, kisha linatoweka. Shati bado lipo, ila mishipa ya fahamu imeacha kuleta habari za jambo lisilobadilika, na ubongo nao umeshalipuuza. Ndivyo mkono wa mwenzi uliozoeleka unavyopita begani bila kusajiliwa. Sababu ya pili ni wasiwasi wa muda mrefu. Mwili ulio katika tahadhari hukaza misuli, hupumulia juu kifuani, na kuweka kando kila kisichohusu kunusurika. Hamu ya chakula inaweza kupungua, na hamu ya mapenzi vilevile. Hapo kumwambia mtu “tulia tu” ni sawa na kumwambia aliyekimbizwa na mbwa achague rangi ya pazia.

Sababu ya tatu si kazi yetu, na tunaitaja mapema ili tusimpotezee mtu muda. Kisukari kinaweza kuharibu mishipa ya fahamu. Matatizo ya tezi ya shingo, mabadiliko ya homoni baada ya kujifungua au hedhi inapokoma, na baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu na hisia. Maumivu wakati wa tendo la ndoa yanastahili kuchunguzwa na daktari, wala si ya kuvumiliwa kwa kupumua vizuri. Ukituandikia dalili za aina hii tutakuomba uonane na daktari kwanza. Na kama unatumia dawa, usiiache kwa sababu ya makala ya kwenye intaneti, hii ikiwemo.

Sasa tuje kwenye ngozi, maana hapo ndipo tunapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Ngozi ya mtu mzima ina eneo linalokaribia mita 2 za mraba, na haihisi kwa namna moja. Ipo mishipa ya haraka inayokuambia umegusa nini na wapi. Ipo pia mingine myembamba, ya polepole, iliyo nyingi kwenye ngozi yenye vinyweleo kama ya mkono wa mbele, ambayo watafiti wa Uswidi wameichunguza kwa miaka mingi. Hii hupendelea mpapaso mwepesi unaosogea sentimita 1 hadi 10 hivi kwa sekunde, wenye joto kama la ngozi yenyewe. Ukipapasa haraka sana, hufifia. Ukipapasa polepole mno, kama konokono, hufifia pia. Habari zake hufika kwenye sehemu ya ubongo iitwayo insula, inayoshughulika na hali ya ndani ya mwili: mapigo ya moyo, njaa, utulivu. Na mama anayempapasa mtoto mgongoni, bila kusoma popote, huangukia mwendo uleule.

Jaribu sasa hivi. Kunja mkono wa shati, pitisha vidole kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko kwa sekunde tano au sita. Rudia mara tatu, kisha fanya haraka, kama mtu anayefuta vumbi. Wengi husikia tofauti. Asiyeisikia asishtuke, kwa kawaida huwa anajitazama mwenyewe kutoka pembeni, anajiuliza kama anafanya sawasawa.

Huko kujitazama kutoka pembeni ndiko adui tunayekutana naye kila wiki. William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa Marekani, walilieleza tatizo hilo mwaka 1970 na kutoa zoezi ambalo wataalamu wa tiba ya mahusiano bado wanalitumia. Wenzi wanakubaliana kwamba kwa muda fulani hakuna tendo la ndoa. Wanapeana zamu za kugusana, kwanza bila kufika kwenye matiti wala sehemu za siri, na anayegusa hana jukumu la kumfurahisha mwenzake. Anachunguza tu joto, ulaini, ukakamavu. Ukiondoa mtihani, mtahiniwa hupumua. Wanandoa tunaowapa zoezi hili huanza kwa kucheka, na hakuna ubaya. Wanaolivunja usiku wa pili nao ni wengi, na huja wakituomba radhi kama wanafunzi waliochelewa darasani!

Jambo jingine linalowapa wengi nafuu: hamu haitangulii sikuzote. Daktari Rosemary Basson wa Kanada alieleza mwaka 2000 kwamba kwa watu wengi, hasa wanawake walio kwenye uhusiano wa muda mrefu, hamu inaweza kuja baada ya mwili kuanza kuamka, wala si kabla. Mke anayesema “sina hamu, lakini tukishaanza napenda” hana kasoro yoyote. Ila isigeuzwe kuwa kisingizio cha kumshurutisha mtu. Kuanza ni kwa ridhaa, na kuacha katikati vilevile.

Tantra inaingia wapi

Tantra ni neno la Kisanskriti. Asili yake ni kutanda, kunyoosha, na lilitumika pia kwa mtande wa mfumaji, zile nyuzi za urefu ambazo mshindio hupita katikati yake. Baadaye likawa jina la maandiko na desturi za ibada zilizoanza kushamiri India tangu karne ya 5 na ya 6, kwa Wahindu na kwa Wabudha pia. Sehemu kubwa ya maandiko hayo inahusu mantra (maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa), kuabudu miungu, pumzi, michoro mitakatifu na uhusiano wa mwanafunzi na mwalimu wake. Ibada za kujamiiana zilikuwapo katika baadhi ya matapo, nazo ni sehemu ndogo.

Andiko tunalolirejea zaidi ni Vijnana Bhairava, la Kashmir, ambalo wasomi wengi huliweka karibu na karne ya 9. Ni mazungumzo kati ya mungu Bhairava na mungu wa kike Bhairavi, yenye njia 112 za kuelekeza umakini. Ukiyasoma ukitarajia mambo ya chumbani utachoka upesi. Moja inakutaka ukae kwenye kituo kile kifupi kati ya pumzi inayoingia na inayotoka. Nyingine inakutaka uifuate furaha inayokujia ukimwona rafiki uliyepoteana naye muda mrefu. Nyingine ni utamu wa kula na kunywa, nyingine wimbo. Hayo ni maisha ya kila siku yaliyotazamwa kwa makini, na ndiyo maana tunaanza na maji ya kuoga.

Kile kinachouzwa leo kwa jina la tantra kina historia nyingine. Mwaka 1905 au 1906 Mmarekani Pierre Bernard alianzisha chama chake cha tantra nchini Marekani, na magazeti ya huko yakapata la kuandika. Miaka ya 1970 Rajneesh, mwalimu wa kiroho wa India aliyekuja kuitwa Osho, alichanganya tantra na tiba za kisaikolojia za nchi za Magharibi kwenye kituo chake cha mjini Pune, India. Tawi hilo huitwa tantra mamboleo. Sisi tunatumia pumzi, kutazamana, kugusana kwa zamu na kukaa kimya, kwa hiyo tuko karibu zaidi na hilo jipya kuliko na mahekalu ya kale. Tunalisema waziwazi kwa sababu tumechoka na matangazo yanayodai “siri ya miaka elfu tano”.

Ukocha wetu una mipaka hii. Nguo hazivuliwi. Hatumgusi mteja, wala yeye hatugusi. Mazoezi ya kugusana yanafanyika nyumbani, mtu peke yake au na mwenzi wake. Kocha hatibu maradhi. Aliyewahi kudhulumiwa kijinsia na bado anashtuka, anaota, au anajiona yuko nje ya mwili wake tunamwelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia, maana mazoezi ya mwili yanaweza kufungua kidonda kabla hajapatikana wa kukifunga.

Nchi nyingi hazina sheria inayosema nani aitwe kocha, basi uliza maswali popote uendako, hata kwetu. Amejifunza wapi? Nani humsimamia? Anafanya nini mteja akisema hapana? Na ukikutana na mwalimu anayekuambia kwamba aibu yako ni “kizuizi cha nishati” kinachoondoka ukilala naye, ondoka. Huna haja ya kumuaga.

Wiki ya kwanza

Kikao cha kwanza ni mazungumzo na pumzi tu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tunashuka hadi 6, kwa kuvuta pumzi sekunde nne na kuitoa sekunde sita. Moyo huongeza kasi kidogo ukivuta pumzi na kupunguza ukiitoa, kwa hiyo kurefusha ile inayotoka ni njia ya kuutuliza mwili bila kubishana nao. Anayehisi kizunguzungu anarudi kwenye pumzi yake ya kawaida. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Kazi ya nyumbani ni maji. Dakika tatu za mwanzo za kuoga, bila simu kucheza muziki, bila kupanga kesho. Maji yanaanzia wapi mwilini? Yanapoa yakifika wapi? Ni sehemu gani ambapo wewe huyahisi hata kidogo? Mawazo yakikimbia, yarudishe kwenye bega. Usiandike shajara wala usijipe alama.

Ukija kikao cha pili tutakuuliza sehemu ile usiyoihisi ni ipi. Mara nyingi ni mgongo wa chini au tumbo, na wengi hutujibu huku wameishika bila wao kujua. Tunaanzia hapo.

Ukiandika kuomba nafasi, tuambie tu kama unakuja peke yako au mko wawili, na kama kuna ugonjwa au dawa tunayopaswa kuijua. Historia yote haihitajiki usiku huo.