Malalamiko kuhusu jiko la peleti lililouzwa bila mlango wa kumwagia hopa

Jambiani,
Mkoa wa Kusini Unguja.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Unguja Mjini.

Ndugu Meneja,

Assalaamu alaykum.

YAH: JIKO LA PELETI LISILO NA MLANGO WA HOPA, NA KUKATALIWA WARANTI

Naandika baada ya fundi wenu kuniambia kuwa waranti ya jiko nililonunua kwenu imekufa kwa sababu jiko "limeingia maji". Halikuingia maji. Lilikuwa chini ya paa, limefunikwa kwa turubai mlilonipa nyinyi wenyewe, na nje halina hata alama ya kutu. Kilichoharibika ni skrubu inayosukuma peleti, yaani vijiti vya unga wa mbao vinavyochomwa, kutoka kwenye hopa, sanduku la kuziwekea, kwenda kwenye chungu cha moto, na imeharibika kwa sababu peleti zilizobaki chini ya hopa hazikuwa na njia ya kutoka. Naomba barua hii isomwe yote kabla sijajibiwa tena kwa karatasi ya waranti.

Kijitabu cha maelekezo kinasema wazi kwamba jiko likikaa bila kutumika, hopa imwagwe na isafishwe. Kuna na picha: nyuma ya hopa, chini kabisa, pana mlango mdogo. Unaweka ndoo, unavuta kibao, peleti zinaporomoka, kisha unapitisha brashi na kuondoa vumbi. Jiko langu halina mlango huo. Pale ulipochorwa pana bati tupu lililopigwa ribiti. Mmeniuzia jiko moja mkanipa maelekezo ya jiko jengine, na siku ya kununua hakuna aliyenitajia tofauti hiyo, ingawa nilimwambia muuzaji kuwa jiko linakwenda kwenye mkahawa wa ufukweni.

Mwezi wa Aprili wageni hupungua huku pwani ya mashariki, nasi hufunga mkahawa mpaka Masika yapite. Kabla ya kufunga tulisafisha jiko kama kijitabu kinavyotaka. Tulichomoa waya, tukaliacha likapoa, tukafungua skrubu ndogo za wavu unaozuia mtu asiingize mkono, tukachota peleti kwa kikombe. Juu ilikuwa rahisi. Lakini hopa hiyo imebanwa chini kama faneli, na kwenye shingo ndipo skrubu inapoanza. Mkono hauingii wala kikombe hakifiki. Tuliazima mashine ya kuvuta vumbi kwa jirani. Ilitoa unga na peleti chache, nyingine zikabaki zimejipanga kwenye kona.

Nikapiga simu ofisini kwenu. Nikaambiwa niwashe jiko liunguze zilizobaki. Nilifanya hivyo siku hiyohiyo. Peleti zikaanza kushuka moja moja, moto ukafifia, na jiko lilipohisi joto limeshuka likajizima lenyewe, kama lilivyotengenezwa kufanya. Skrubu ikasimama na peleti bado ziko shingoni. Ushauri huo unafaa kumalizia zile chache zilizomo ndani ya bomba la skrubu baada ya hopa kuwa tupu. Hautoshi kumwaga hopa.

Nyinyi mnaouza peleti mnajua ni kitu gani. Si kuni. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu na joto mpaka gundi ya asili iliyomo ndani ya mti ikaushika ukawa kijiti kigumu. Peleti nzuri ina unyevu usiozidi kama asilimia 10, ukiivunja hukatika kwa sauti. Ikipata unyevu huvimba na kurudi kuwa unga. Haihitaji kumwagiwa maji. Hewa ya Masika inatosha, hewa ileile inayogandisha chumvi ndani ya kikopo kilichofunikwa. Kila mtu visiwani anaijua hewa hiyo, na kampuni inayofanya biashara hapa Unguja haiwezi kusema imeshtukizwa nayo.

Tulipofungua mkahawa tulitia peleti mpya, kavu, kutoka kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana. Jiko liliwaka kwa shida, likazima. Skrubu ikawa inagonga, kisha pini inayoiunganisha na mota ikakatika. Fundi alipofungua alikuta unga ulioshikana ukawa mgumu, umezunguka skrubu pande zote. Alitumia bisibisi na nyundo kuutoa. Mimi na mpishi wangu tulikuwepo, na alikiri mbele yetu kuwa lingekuwa jiko lenye mlango lisingefika hapo. Kisha akaandika kwenye fomu "uzembe wa mtumiaji". Neno hilo silikubali, na naomba lifutwe kwenye kumbukumbu zenu.

Hasara ya ukarabati ni jambo moja. La pili linanitia hofu zaidi, nalo linahusu watu. Hapa umeme hukatika bila taarifa. Ukikatika jiko likiwa linafanya kazi, feni inasimama na jiko halipati nafasi ya kujizima kwa utaratibu wake. Chungu kina makaa, na mdomo wa bomba umejaa peleti zinazoyagusa. Moto unaweza kurudi polepole ndani ya bomba ukielekea kwenye hopa. Hatari hiyo imeandikwa kwenye kijitabu chenu wenyewe. Saa kama hiyo mtu anataka hopa yake iwe tupu haraka, naye amesimama na kikombe mkononi na wavu uliofungwa kwa skrubu. Paa letu ni la makuti. Sihitaji kumweleza mtu wa Zanzibar makuti yanavyoshika moto.

Wala mlango huu si wa mara moja kwa mwaka. Muuzaji wenu alinishawishi kwa kusema nitaweza kubadilisha mbao: peleti za miti yenye moshi mwepesi kwa changu na pweza, za moshi mkali kwa mishikaki na mbavu. Kubadilisha kunataka hopa imwagwe. Bila mlango, sifa hiyo niliyolipia haipo.

Majiko ya aina hii yalibuniwa Oregon, Marekani, miaka ya 1980, na leo watengenezaji wengi huweka mlango wa kumwagia. Hata dukani kwenu nimeona majiko yenye mlango, yamepangwa jirani na hili langu. Kwa hiyo hamkushindwa kunipa jiko linalofaa. Hamkunieleza tu.

Ninachodai ni hiki. Skrubu, pini na mota vitengenezwe kwa gharama zenu, kwa sababu kasoro ni ya jiko. Baada ya hapo mnibadilishie nipate jiko lenye mlango, au mnirudishie fedha zangu. Kukata bati na kutia mlango wa kubuni karakana sitakubali, kwani hopa isiyofunga vizuri huingiza hewa na kuzidisha ile hatari ya moto kurudi nyuma. Tena nataka kijitabu kinacholingana na jiko lenyewe, kwa Kiswahili, kwa sababu wanaosafisha hopa ni vijana wa jikoni na ndio wanaopaswa kukielewa. Na wateja wengine mliowauzia jiko hili, wa Nungwi, Paje na kwengineko, waambieni sasa, kabla Vuli haijaanza.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata nitapeleka malalamiko yangu Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, pamoja na risiti, kijitabu na picha za bati lile.

Jiko lipo mkahawani, halijaguswa tangu fundi aondoke. Unga alioutoa nimeuhifadhi kwenye mfuko. Mkimtuma mtu wa kulikagua, aje asubuhi kabla ya saa tano, jikoni kukiwa bado kimya, na safari hii aje na mwenye mamlaka ya kuamua.

Wenu,
Mmiliki wa mkahawa,
Jambiani.