Kuunganisha majimbo: tuanze na hesabu ya kura

Ndugu Mhariri,

Makala yenu iliyotaka nchi zenye majimbo mengi ziyaunganishe yawe kitu kimoja, ili kubana matumizi na kuzika ukabila, iliutaja mpango wa Jimbo Moja wa Pakistan wa mwaka 1955 kama mfano wa serikali iliyothubutu. Mwandishi akaishia hapo. Hakusema kwamba mpango huo haukufikisha miaka 15, wala kwamba aliyeuvunja ni jenerali aliyekuwa akitawala kwa amri ya kijeshi. Ukiona hata jenerali anarudisha majimbo, ujue kuna jambo. Naomba nafasi nieleze hicho kilichorukwa.

Pakistan ya wakati ule ilikuwa nchi ya vipande viwili, India ikiwa katikati, na kutoka kipande kimoja hadi kingine ni zaidi ya kilomita 1,600. Upande wa Mashariki, yaani Bengali, ndiko walikokuwa zaidi ya nusu ya raia wote. Upande wa Magharibi ulikuwa na Punjab, Sindh, Jimbo la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi na Balochistan, pamoja na himaya za watawala wa jadi kama Bahawalpur, Khairpur na Kalat. Magharibi ndiko kulikokuwa na makao makuu ya serikali, na ndiko walikotoka maafisa wengi wa jeshi na vigogo wa utumishi wa umma. Sasa piga hesabu: raia wakipewa kura sawa, Bengali inashinda kila uchaguzi. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwakosesha watu usingizi, si gharama za magavana.

Dawa yake ikawa rahisi. Magharibi yote iunganishwe iwe jimbo moja, Bengali ya Mashariki ibadilishwe jina iitwe Pakistan ya Mashariki, halafu isemwe kwamba nchi ina majimbo mawili tu, na majimbo mawili ni haki yalingane. Katiba ya 1956 ikafuata mkondo huohuo: viti 150 Mashariki, viti 150 Magharibi. Kura za Wabengali waliozidi zikayeyuka bila kumnyang'anya mtu hata mmoja haki ya kupiga kura. Lazima nikiri ni ujanja wa hali ya juu.

Hadharani, bila shaka, maneno yalikuwa mengine. Waziri Mkuu Mohammad Ali Bogra alipotangaza mpango tarehe 22 Novemba 1954, alizungumzia umoja wa taifa, mwisho wa chuki za kimajimbo, na akiba itakayopatikana. Ndizo hoja za makala yenu, karibu neno kwa neno. Ila msomaji atazame na kalenda. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Oktoba 24, Gavana Mkuu Ghulam Muhammad alikuwa amelivunja Bunge la Katiba. Huko Sindh, kiongozi wa serikali ya jimbo, Abdus Sattar Pirzada, aliukataa mpango akafukuzwa, akawekwa Muhammad Ayub Khuhro. Kufikia Desemba bunge la Sindh lilikuwa limekwisha kupiga kura ya kujifuta, baadhi ya wapinzani wakiwa kizuizini. Baada ya njia kusafishwa hivyo, sheria ilipita na jimbo jipya likaanza rasmi tarehe 14 Oktoba 1955, makao makuu yakiwa Lahore.

Hapa pana jambo ambalo wapenda miungano hulisahau. Punjab haikutumia ubabe wa idadi. Ilikuwa na zaidi ya nusu ya watu wa Magharibi, lakini ilikubali kuchukua asilimia 40 tu ya viti katika bunge la jimbo jipya, ili wadogo wasiogope. Kwenye karatasi ilikuwa huruma kubwa. Wadogo waliogopa vilevile, tena kwa sababu nzuri: viti vilikuwa bungeni, lakini ofisi zilikuwa Lahore. Mtu wa Hyderabad, kule Sindh, aliyezoea kumfuata waziri wa kwao sasa jalada lake lilisafiri karibu kilomita 1,000 kwenda kusubiri sahihi ya afisa asiyeijua lugha yake. Vyeo vya watumishi vilipangwa upya katika orodha moja, na waliokuwa wakubwa katika jimbo dogo wakajikuta mkiani. Ardhi ya Sindh iliyopata maji kutoka mabwawa mapya ya Mto Indus ikagawiwa pia maafisa wa jeshi na watumishi waliotoka nje ya Sindh, huku wakulima waliozaliwa palepale wakitazama. Hakukuwa tena na bunge la Sindh la kuuliza swali.

Kuhusu ile akiba, jimbo kubwa kiasi hicho halitawaliki kutoka mji mmoja, kwa hiyo likagawanywa katika sehemu, kila sehemu ikipewa kamishna. Kwa maneno mengine, ofisi za kati zilirudi, ila aliyezikalia alikuwa mtu wa kuteuliwa. Kilichopunguzwa kweli ni mabunge ya watu waliochaguliwa. Na hilo si la Pakistan peke yake. Fedha nyingi za jimbo lolote huenda kwa walimu, wauguzi, askari na barabara, na hao hawapungui eti kwa sababu mpaka umefutwa kwenye ramani. Gari la gavana na posho za wabunge huonekana sana machoni, lakini katika bajeti ni kijisehemu.

Mpango wenyewe uligawa hata familia. Kiongozi wa kwanza wa serikali ya jimbo jipya alikuwa Dk. Khan Sahib, mtu wa Mpaka wa Kaskazini-Magharibi, wakati ndugu yake wa tumbo moja, Abdul Ghaffar Khan, alizunguka akiupinga hadi akafungwa. Mwaka 1957 bunge la Pakistan ya Magharibi, lile lile lililozaliwa na mpango huu, lilipitisha kwa kura nyingi azimio la kutaka majimbo yarudishwe. Halikusikilizwa. Mwaka uliofuata yakaja mapinduzi, mkuu wa jeshi Ayub Khan akashika nchi, na mjadala ukafungwa kwa zaidi ya muongo. Jenerali Yahya Khan alipompokea mwaka 1969 alikuta manung'uniko yamejaa kila kona, akauvunja muungano. Tarehe 1 Julai 1970 majimbo yakarudi.

Lakini hayakurudi kama yalivyoingia. Bahawalpur iliingia ikiwa na utawala wake, ikatoka ikiwa sehemu ya Punjab, na watu wake waliandamana bila mafanikio. Balochistan iliingia vipande vipande, ikatoka jimbo kamili kwa mara ya kwanza. Upande wa Mashariki, uchaguzi wa Desemba 1970 uliendeshwa kwa hesabu ya watu, na chama cha Awami League kikachukua viti 160 kati ya 162 vya uchaguzi wa moja kwa moja vya upande huo, ambavyo vilitosha kuunda serikali peke yake. Wakubwa wa Magharibi hawakukubali. Mwaka 1971 ikaja vita, ikazaliwa Bangladesh. Sisemi kwamba mpango wa Jimbo Moja peke yake ndio uliovunja nchi. Nasema miaka 15 ya kuwazuia wengi wasiwe wengi iliwafundisha Wabengali mengi kuhusu nia ya wenzao.

Anayedhani hilo ni la Bara Hindi tu asome habari za Nigeria. Tarehe 24 Mei 1966 mtawala wa kijeshi, Meja Jenerali Aguiyi-Ironsi, alitoa Amri namba 34 iliyofuta majimbo na kuunganisha utumishi wa umma wa nchi nzima. Yeye pia alitaka kuondoa ukabila. Kaskazini, ambako wasomi wachache waliogopa kwamba kazi zote zingekwenda kwa watu wa Kusini waliotangulia shuleni, ghasia zililipuka ndani ya siku chache na watu wengi wakauawa. Julai 29 Ironsi mwenyewe aliuawa katika mapinduzi, na Septemba mrithi wake, Gowon, akaifuta amri hiyo.

Nisionekane napinga kila muungano. Rwanda mwaka 2006 ilipunguza majimbo kutoka 12 hadi matano, ukihesabu na Jiji la Kigali, na wilaya kutoka 106 hadi 30. Burundi imetoka majimbo 18 hadi matano na tarafa 119 hadi 42. Unaweza kubishana kuhusu umbali ambao mwananchi sasa anautembea kufuata cheti cha kuzaliwa, na mimi ningebishana. Hata hivyo majimbo hayo hayakuwa na mabunge yake wala mapato ya kujitegemea. Yalikuwa ngazi za serikali kuu, na serikali kuu ikapanga ngazi zake upya. Rwanda ilishusha kazi na bajeti hadi wilayani, kwa hiyo jimbo lililokuzwa lilibaki na kazi ndogo. Kufanya hivyo ni tofauti kabisa na kuchukua majimbo yenye bunge, hazina na lugha ya kazi ya kila moja, ukayakunja yawe moja, kisha ukawaita wanaolalamika wakabila. Makala yenu iliyaweka yote katika kapu moja.

Kwa hiyo nina maombi kwa mwandishi wenu, iwapo atairudia mada hii. Aeleze kila jimbo lina kura ngapi leo na litabaki na ngapi baada ya kuunganishwa, na nani atakayefaidi tofauti hiyo. Aeleze madeni ya jimbo fukara yatalipwa na nani, na akiba ya jimbo tajiri itakwenda mfuko gani. Atuambie kama mabunge ya majimbo yataulizwa, na kama jimbo likisema hapana, kiongozi wake atabaki kazini kesho yake. Hilo la mwisho ndilo ningependa lijibiwe kwanza.

Msomaji wenu