Shoga yangu, itoe ile fomu

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu zako zimenifika, lakini kusikia kwamba fomu ya masta umeitia chini ya godoro kumeninyima usingizi.

Hiyo GPA ya 2.6 ya digrii yako najua inavyouma. Mimi nilitoka na 2.8. Mwaka wa pili mama alilazwa, kila wiki nikawa basini kati ya Dar na Tanga, nikasapu, yaani nikarudia mtihani, masomo mawili, mojawapo takwimu. Vyuo vingi vyetu vinataka 2.7 kwa masta, kwa hiyo kuomba niliruhusiwa. Ila kwenye foleni moja na wenye 4.0, nani angeniona?

Lililonibeba ni lile daftari. Unalikumbuka? Jalada limevimba kwa maji ya chumvi, kurasa zanuka pweza. Miaka mitatu, alfajiri kwa alfajiri, nilikaa pale soko la samaki la Deep Sea napima changu na tasi, naandika uzito, urefu, chombo kilichovua na mwamba walikotoka. Mimi niliyesapu takwimu nikaonyesha kwa tarakimu kwamba changu wa nyavu za macho madogo walikuwa wafupi kuliko wa mshipi.

Barua yangu ya kwanza ya maombi ilificha ule mwaka wa pili. Mwalimu wangu wa zamani akanirudishia: "Yaliyokupata yaseme kwa sentensi mbili, kisha waambie unachokijua." Naye barua yake ya kunipendekeza akaijaza habari za daftari.

Sasa wewe. 2.6 ni pasi, daraja la chini la digrii, na masta moja kwa moja wengi watakukatalia, sikudanganyi. Lakini ipo stashahada ya uzamili, mwaka mmoja hivi, na ukiifaulu vizuri vipo vyuo vinavyokupokea masta kwa hiyo. Ada itakubana, tutaitafuta. Shoga, wewe una miaka minne kwenye mkonge kule Muheza! Mkonge uliokosa potashi unautambua kwa kutazama kitako cha jani tu. Wangapi wenye 4.0 wanaliweza hilo? Hayo hujayaandika popote, na ndiyo yanayoniuma kuliko hiyo alama.

Njoo Jumamosi na fomu, na transkripti usiikunje. Nitasonga bada, tule na samaki wa nazi, kisha tukae tuziandike zile sentensi mbili.

Shogayo