Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha: mgonjwa wa mgongo apimwe na miguu

Shikamoo daktari. Nakuandikia nikiwa hapa Ngarenaro, habari ni ya dada yangu, mama lishe.

Mwaka juzi alianza kuumwa mgongo, mchana anasonga ugali vizuri tu, ila usiku akilala chali maumivu yanapanda mpaka anakaa ameegemea ukuta hadi adhana ya alfajiri. Kituo cha afya wakampa dawa za maumivu, wakasema ni kuinama sana jikoni. Mkojo ukaanza kugoma kutoka, akapewa dawa za UTI. Miezi 8 ikaisha hivyo. Siku moja tunatoka soko la Kilombero ndala ya kushoto ikamvuka, akatembea kama hatua kumi hajui, mi ndo nikamwambia dada uko peku. Akaangalia mguu wake kama wa mtu mwingine.

Eksirei ilikuwa safi tukafurahi, kumbe eksirei inaonesha mifupa, ule uti wenyewe wa neva hauonekani humo, mpaka MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, tena ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha. Hapo ndo ukaonekana uvimbe katikati ya uti, unaitwa ependimoma. Ni nadra kweli, lakini mara nyingi unakua taratibu, na bingwa akiutoa wote kwa darubini mtu anaweza kukaa miaka mingi haujarudi. Shida ni muda, maana upasuaji kazi yake kubwa ni kuzuia hali isizidi, nguvu iliyokwisha kupotea kurudi ni ngumu, anayeingia theatre anatembea ndo ana nafasi nzuri ya kutoka anatembea. Dada tulimpeleka Dar, zaidi ya kilomita 600, akaingia amebebwa. Leo anatembelea magongo.

Siombi MRI kila zahanati daktari, najua bei yake. Naomba utoe maelekezo mkoa mzima, anayekuja na mgongo agongwe magoti kwa ile nyundo ndogo ya kupima neva, aguswe ngozi ya miguu kwa pini, aulizwe usiku unakuwaje na mkojo unatokaje. Ni dakika chache. Akiwa na ganzi au mguu unalegea apewe rufaa siku hiyohiyo, sio vidonge vingine, na hata wenye TB ya mgongo watashikwa mapema kwa njia hiyohiyo.

Nasubiri jibu lako, hata likiwa karatasi tu imebandikwa mlango wa chumba cha daktari pale kituoni kwetu.