Kipimo cha umaskini kiangalie kodi ya chumba

Ndugu Mhariri,

Kipimo cha umaskini cha Marekani kilitungwa miaka ya 1960: gharama ya chakula ikizidishwa kwa tatu, na mwenye kipato chini ya hapo ndiye maskini. Jiji la New York lilikiona hakitoshi. Mwaka 2008 likatoa chake, kinachohesabu kodi ya nyumba, matibabu, nauli ya kazini na misaada ya serikali.

Hapa Tanga tusiishie kuhesabu bati na sakafu ya saruji kama dalili za nafuu. Mpangaji wa Makorora analala chini ya bati la mwenye nyumba! Aulizwe: ukitoa kodi (ya miezi sita igawanywe kwa sita), maji ya ndoo na mkaa wa kopo, kinabaki nini cha unga? Tena aulizwe zaidi ya mara moja. Kibarua wa bandarini akikutwa wiki yenye meli, ataandikwa ana nafuu.

Msomaji wako,
Tanga