Kabla ya kututilia alkoholi kwenye petroli: barua kwa Waziri wa Kawi na Petroli

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kisumu. Nakuandikia kuhusu alkoholi kwenye petroli. Iliwahi kutiwa zamani, nami naitaka irudi. Ila nakuomba, kabla haijarudi, shughulikia maji.

Majuzi kijana wa bodaboda alinisukumia pikipiki yake asubuhi na mapema. Ilikuwa imemzimia njiani mara tatu. Nililegeza skrubu ya chini ya kabureta, nikakinga mafuta kwa chupa ya kioo. Petroli ilikaa juu, na chini yake matone ya maji yaliviringana kama shanga. Alikuwa ametia mafuta jana yake jioni baada ya mvua kubwa, na tangi la kituo kile huingia maji. Kwa petroli tupu hiyo ni kazi ya dakika kumi: unamwaga, unasafisha, kijana anarudi kutafuta riziki.

Ingekuwa na ethanoli, ndiyo alkoholi iliyokuwa ikitiwa, mambo yangekuwa mengine, na nilimwonyesha palepale. Nilichukua nusu lita ya petroli safi yenye ethanoli sehemu moja kwa tisa. Ilikuwa angavu, kitu kimoja. Nikatia kijiko kimoja cha maji, nikatikisa. Ikafifia kama maji ya mchele, kisha ikajigawa. Ethanoli ilishikamana na maji, ikazama nayo. Juu ikabaki petroli iliyopungukiwa nguvu ya kustahimili mgandamizo wa injini bila kujiwakia kabla ya wakati. Na injini, Mheshimiwa, hunyonya kutoka chini ya tangi.

Jambo hili si geni kwetu. Kuanzia 1983 ethanoli ya Muhoroni, iliyopikwa kwa molasi ya viwanda vya sukari vya huku kwetu, ilichanganywa na petroli kiasi cha asilimia 10. Mpango ukafa 1993. Mwaka 2013 kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, nacho kikaacha kazi, na tangu hapo petroli yetu huja ikiwa imeshasafishwa ng'ambo. Kila tarehe 14 ya mwezi tunakodolea macho tangazo la bei ya mafuta la EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, na miwa imetuzunguka pande zote.

Siku hizi kuna njia nyingine ambayo haihitaji hata sukari: alkoholi mseto ya kutengenezwa. Makapi ya miwa au taka kavu huchomwa kwa hewa haba mpaka yawe gesi ya kaboni monoksaidi na haidrojeni. Gesi hiyo ikipitishwa kwenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko yake, kwa joto na shinikizo, hutoka methanoli, ethanoli, propanoli na butanoli kwa mkupuo mmoja. Mimi navutiwa na hizo mbili za mwisho. Zinaelewana na petroli kuliko wadogo zao, na zikiwemo, mchanganyiko huvumilia maji zaidi kabla ya kujigawa. Ugonjwa niliouona chupani dawa yake iko humo humo.

Lakini usikimbilie kumwaga fedha za umma. Kule Soperton, jimbo la Georgia, Marekani, kampuni ya Range Fuels iliahidi alkoholi kutoka vipande vya miti, ikapewa msaada mkubwa wa serikali, na 2011 ikafunga milango. Anza na mtambo mdogo, kando ya kiwanda kimoja cha sukari, na malipo yafuate lita zilizopimwa.

Kuhusu usafi, tuambiwe ukweli wote. Alkoholi ina oksijeni ndani yake, kwa hiyo kaboni monoksaidi hupungua, na haiji na salfa. Ethanoli lakini huongeza asetaldehaidi, kemikali yenye madhara, kwenye moshi, nayo ipimwe. Tena ina thuluthi mbili tu ya nguvu ya petroli kwa lita, hivyo kwa mchanganyiko wa asilimia 10 dereva atapoteza kama kilomita tatu katika kila mia. Aambiwe mapema, na bei ilifidie hilo, asije akadhani ameibiwa.

Methanoli ndiyo inayoninyima usingizi. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wetu wengi, Embu, Kitui na Kiambu, na wengine wakabaki vipofu. Alkoholi yoyote ya injini itiwe rangi na dawa chungu humo humo kiwandani, kabla gari la kubeba halijatoka langoni. Hapo sitaki kusikia habari ya gharama.

Petroli na alkoholi zikutane kwenye bohari ya Kisumu, lori linapojazwa, wala zisisafiri pamoja kwenye bomba refu lenye maji yake. Wakaguzi wapime maji katika tangi la kila kituo, hasa baada ya mvua, na kituo chenye maji kisiuziwe mchanganyiko. Kila pampu iandikwe asilimia yake. Na sisi mafundi tuitwe mapema, kwa sababu alkoholi huchubua uchafu wa miaka kwenye matangi ya zamani, ukaziba vichungi, na mipira mingine ya kabureta huvimba. Mteja atakuja kunilaumu mimi.

Chupa ile ingali kwenye rafu yangu, tabaka zake mbili, nimeifunga kifuniko. Ukifika Kisumu nitaitikisa mbele yako.

Wako mtiifu,
Fundi wa pikipiki, Kisumu