Barua kutoka Quanzhou

Quanzhou, Uchina

Mpendwa Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Natumaini u mzima wa afya pamoja na jamaa wote hapo Kilwa, mimi sijambo.

Nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika kwenu mwaka 1331, alifika pia katika mji huu miaka ya 1340, wakati Waarabu wakiuita Zaitun, akausifu kuwa na mojawapo ya bandari kubwa kabisa duniani. Msikiti wa Qingjing, ulioasisiwa mwaka 1009, ungali umesimama kando ya barabara. Paa la ukumbi wake wa sala halipo tena, lakini kuta za mawe zimebaki, na juu ya kibla zimechongwa aya za Qurani ambazo wewe na mimi tunazisoma bila mkalimani.

Kilichoniteka zaidi, hata hivyo, ni chaza. Daraja la Luoyang la hapa Quanzhou lilijengwa kati ya mwaka 1053 na 1059, wakati Cai Xiang akiwa gavana, na mafundi wake walifuga chaza kwenye misingi na nguzo ili magamba yao yayagandamanishe mawe yasichukuliwe na mkondo. Nilishuka maji yalipokupwa nikazitazama nguzo hizo, zilizochongoka kama omo la jahazi. Katika kijiji cha Xunpu kuna nyumba ambazo kuta zake zimejengwa kwa makombe ya chaza, na wanawake wa hapo huzungushia maua mabichi kwenye fundo la nywele.

Chaza hao hao huliwa kila pembe ya mji. Mpishi huwachanganya wabichi na wanga wa viazi vitamu na majani ya kitunguu saumu, humimina mchanganyiko kwenye kikaango cha moto sana, kisha huvunjia yai juu yake. Kingo hukauka zikaalika mdomoni, na katikati hubaki laini, yenye ladha ya bahari. Sijala chakula cha pwani kitamu kuliko hicho. Uliza kwanza, maana wengi hukaangia mafuta ya nguruwe. Mimi nilikula kwenye mkahawa wa Waislamu. Supu ya tambi nyembamba, ambayo wenyeji huinywa asubuhi, nayo mara nyingi hutiwa matumbo ya nguruwe.

Ukipata likizo, niandikie mapema nikutazamie siku za bamvua, ili tulione daraja maji yakiwa yamekupwa kabisa.

Nisalimie mama na watoto.

Akupendaye,
Zuhura